Mjadala: Ukimwambia mkulima arudie kuvuna, bado ni dokumentari?

Kamera Mkononi: Wakuu, kuna mtu Hombolo, Dodoma, anawalipa wakulima warudie kuvuna zabibu kwenye safu iliyokwisha vunwa. Vichala vinafungwa tena mtini kwa uzi. Halafu anajiita mtayarishaji wa dokumentari. Jina hilo linamstahili?

Dada wa Area C: Msilipatie jina utakatifu lisilokuwa nao. Grierson, mhakiki wa filamu Mskoti, alilitia kwenye Kiingereza cha filamu Februari 1926, akihakiki Moana, filamu ya Mmarekani Flaherty. Wafaransa walishakuwa nalo, kwa filamu za safari. Na Flaherty huyohuyo, kwenye Nanook (1922), filamu yake ya mwindaji wa Kiinuiti wa nchi ya barafu, nyumba ya barafu ilijengwa kubwa na kuachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Mwindaji wa watu akawindishwa kwa chusa, na bunduki anayo!

Fundi Sauti: Uzi ni mambo madogo. Kazi za Dodoma zinauawa na upepo. Hujui ni shamba au helikopta.

Kamera Mkononi: "Kazi za Dodoma"? Mtani, hebu taja kosa lenyewe, acha kejeli.

Fundi Sauti: Sponji tupu kwenye maiki. Hiyo inazuia pumzi ya msemaji, siyo upepo wa Agosti. Vika maiki kifuniko cha manyoya, msemaji aupe upepo mgongo, maongezi yacheze karibu na −12 dB kwenye mita ya sauti. Kata sauti nzito chini ya 80 Hz (mitetemo 80 kwa sekunde), ila maiki ikishazidiwa na upepo, kukata hakuponyi. Na kabla hamjafungasha, rekodi nusu dakika ya shamba bila mtu kuongea. La sivyo, mhariri ataziba mapengo kwa kitu gani?

Mzee wa Kondoa: Na picha za ofisini zinazopepesa je? Umeme wetu ni 50 Hz. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50. Simu zinakuja na 30, mtu haangalii, taa za tyubu zinacheza ngoma.

Dada wa Area C: Mmehama mada! Ile filamu ya mapanki (mifupa ya samaki) ya Mwanza, Darwin's Nightmare ya 2004, Rais Kikwete aliilalamikia hadharani 2006. Kilichowasha moto ni mpangilio: ndege za minofu ya sangara zikawekwa jirani na habari za silaha, mtazamaji akajijumlishia. Hapo hapahitaji uzi.

Kamera Mkononi: Sawa dada, tutarudi huko. Fundi, manyoya yakishika vumbi?

Fundi Sauti: Yakung'ute, kisha yachane kwa kitana. Yakigandana hayazuii kitu, heri urudi kwenye sponji yako.