Presha imefika 65 lakini vidole bado vya baridi. Nifuatilie nini?

Muuguzi_wa_Usiku:
Habari za zamu, wapendwa. Nina mgonjwa wa sepsisi (mwili unapopambana na maambukizi hadi kudhuru viungo vyake) iliyoanzia kwenye nimonia. Amepewa maji ya dripu, noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) inaendelea, presha ya wastani imefika 65. Daktari ameridhika. Mimi roho haijatulia: vidole vya baridi, magoti yana mabaka ya zambarau, mkojo kidogo. Nitajuaje kama damu inafika kwenye kapilari, ile mishipa midogo kabisa? Na ile kamera ya chini ya ulimi, inasaidia?

Daktari_Mahututi:
Dada, usiache kusumbuka. Presha unayoiona ni ya ateri kubwa. Kwenye sepsisi kuta za kapilari huharibika, chembe nyeupe hunata, mabonge madogo ya damu iliyoganda huziba; kapilari moja inapitisha, ya jirani imesimama. Ndiyo maana presha huweza kuwa nzuri huku seli zikikosa oksijeni.

Bonyeza ncha ya kidole cha shahada mpaka ngozi iwe nyeupe, shikilia sekunde 10, achia, tazama saa mpaka rangi irudi. Ikizidi sekunde 3, mzunguko bado una shida. Si kipimo cha kudharau hata kidogo. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK, uliotolewa 2019, ulifuata wagonjwa 424 Amerika ya Kusini: matibabu ya kundi moja yakiongozwa na muda wa rangi ya kidole kurudi kila nusu saa, ya jingine na lakteti (asidi inayopanda kwenye damu seli zikikosa oksijeni) kila saa 2. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 34.9 kwenye kundi la kidole na 43.4 kwenye kundi la lakteti. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuwa uthibitisho, lakini mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unapendekeza tuitumie rangi ya kidole pamoja na vipimo vingine.

Kamera ipo kweli, inaonyesha chembe nyekundu zikitembea. Ila mate, mkono unaotikisika, hata kuikandamiza kidogo tu, huharibu picha. Kwa sasa ni ya watafiti zaidi.

Mama_Wodi:
Naongeza: chumba kikiwa cha baridi, kidole kitakudanganya. Na kwa ngozi nyeusi mabaka ya magoti hujificha, usiseme hayapo kwa kuangalia mara moja kwenye mwanga hafifu. Andika sekunde kwenye chati, si "inachelewa", ili wa zamu ya asubuhi apate cha kulinganisha.

Muuguzi_wa_Usiku:
Asanteni sana. Nimepima, sekunde 6. Niombe maji zaidi?

Daktari_Mahututi:
Mpigie daktari sasa hivi, umtajie hiyo 6 na mkojo. Lakini maji yasimiminwe tu, mapafu yake tayari ni mabovu. Kwanza muinue miguu ya mgonjwa kwa dakika moja hivi, mtazame kama moyo unasukuma damu zaidi. Msukumo huo usipoongezeka, maji hayatamsaidia. Hapo mjadili dozi ya noradrenalini na hali ya moyo wenyewe. Kisha pima kidole tena baada ya nusu saa.