Wauzaji wa saa za zamani, acheni kutuuzia mizoga iliyopakwa rangi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Nimenunua Seiko 5 ya zamani, saa ya Kijapani ya otomatiki, ile inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Tangazo lilisema: "Ya mwaka 1969, kila kitu orijino, imefanyiwa sevisi, ni kuvaa tu." Picha zilikuwa nne, zote za mbele, uso wa saa bluu unang'aa kama sahani iliyotoka dukani. Nilipaswa kushtuka pale pale. Saa imepita miaka hamsini halafu haina hata doa? Lakini niliipenda, nikalipa.

Siku ya kwanza ikakimbia mbele dakika kumi na mbili. Siku ya pili kumi na nne. Nikaipeleka kwa fundi saa, akafungua kifuniko mbele ya macho yangu. Wakuu, ndani mlikuwa mnaelea mafuta! Mtu amechukua mafuta, akayamiminia kwenye mashine kama anayelainisha bawaba ya mlango. Ile springi nyembamba kama unywele, inayopumua juu ya gurudumu la kupimia mwendo, mizunguko yake ilikuwa imenatana. Ikinatana hivyo inakuwa kama imefupishwa, gurudumu linayumba haraka kuliko inavyotakiwa, saa inakimbia. Springi ile haitiwi mafuta kabisa, na fundi yeyote anayejiheshimu analijua hilo.

Hiyo ndiyo "sevisi" yenu. Sevisi ni kuifungua mashine yote, kipande kimoja kimoja, kuosha, kukausha, kuunga upya, na kutia tone dogo la mafuta pale tu panapohitaji. Kama hukufanya, sema hukufanya. Nitanunua hivyo hivyo na kumlipa fundi mwenyewe, ila nijue.

Sasa njooni kwenye namba. Nyuma ya kifuniko tarakimu nne za kwanza za modeli ni za mashine, na hapa zinasema 6119. Namba ya usajili inaanza na 92, yaani mwezi wa pili wa mwaka unaoishia na 9. Sawa, kifuniko ni cha 1969, hapo hakudanganya. Lakini mashine iliyomo ndani ni 7009A ya vito 17 (vile vijiwe vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine), mashine iliyokuja miaka ya sabini! Na uso wa saa umeandikwa vito 21. Kifuniko na uso vinasema hili, mashine inasema lile. Hii ndiyo "kila kitu orijino"?

Sina ugomvi na 7009. Ni mashine ngumu, inavumilia shida, na fundi kuokoa saa kwa kuihamishia mashine nyingine si dhambi. Dhambi ni kunyamaza.

Ila kilichoniuma kuliko vyote ni uso. Nimeuangalia kwa lenzi ya fundi. Chini kabisa, jirani na alama ya 6, kiwanda huchapa neno Japan na namba kwa herufi ndogo mno, safi kabisa. Yangu ina vijidoa vilivyopangwa mstari ili kwa mbali vifanane na maandishi. Rangi imevuka ukingo wa kidirisha cha tarehe. Karibu na alama ya 8 kuna unywele wa brashi umegandia ndani ya rangi. Chini ya hiyo rangi palikuwa na uso halali, pengine umefifia, pengine una madoa ya unyevu, lakini ulikuwa wa kweli. Wameukwangua. Haurudi tena! Mtu ameharibu kitu cha miaka hamsini ili kipendeze kwenye picha ya simu.

Na si Seiko peke yake. Tazameni saa za HMT, kiwanda cha India, zinavyouzwa: rangi za ajabu ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa, halafu mtu anaandika "adimu." Adimu kwa sababu imepakwa juzi!

Nilipomwandikia muuzaji na picha zote, alijibu: "Saa si inatembea? Kwa bei hiyo ulitaka nini?" Kisha akanizuia.

Kwa bei hiyo nilitaka ukweli, bwana. Saa hizi ni rahisi kwa sababu zilikuwa nyingi, na zilipokuja za kwatzi, zile za betri zinazopima muda kwa mtetemo wa kijiwe, kuanzia ile Seiko Astron ya Desemba 1969, watu wakazitupa kwenye droo. Hazikuwa takataka. Anayenunua saa ghali akiomba picha za ndani anapewa bila maswali, sisi tukiomba tunaonekana wasumbufu. Kufungua kifuniko na kupiga picha moja ya mashine ni kazi ya dakika mbili. Muuzaji anayekataa hilo, mimi tena sinunui kwake, na nawaomba nanyi msinunue kwake.

Fundi ameiosha mashine, sasa inapoteza sekunde ishirini tu kwa siku, hapo simlaumu mtu. Uso ndio nautafuta. Mwenye uso wa 6119 wa orijino wa vito 21, hata uwe na madoa, hata umechanika rangi pembeni, anitumie ujumbe. Na picha ya nyuma yake tafadhali.