Mrejesho: pesa zisizodaiwa Texas

Niliuliza namna ya kudai amana ya zamani niliyoweka kwa kampuni ya umeme, iliyoishia mikononi mwa serikali ya jimbo la Texas, Marekani. Ni bure, kupitia tovuti ya jimbo, ClaimItTexas.gov. Tafuteni kwa kila namna jina lilivyowahi kuandikwa: Mwanaisha, Mwana Isha, hata la ukoo likitangulia. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Dai nalo hukwamishwa na anwani: kitambulisho kina mtaa wa sasa, pesa zimesajiliwa mtaa wa zamani. Ambatisheni bili ya zamani au fomu ya W-2 (ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri) yenye anwani ile. Mliohamahama, tafuteni kila jimbo mlikoishi, tovuti ya MissingMoney.com hupekua majimbo mengi kwa mpigo. Dalali wa kukudaia? Sheria ya Texas inamruhusu kutoza hadi asilimia 10 ya pesa hizo, kwa kazi unayoiweza mwenyewe.