Mjadala: New Philadelphia iliuawa na reli, au na waliopanga reli ipite wapi?

Mleta mada: Wakuu, katika Kaunti ya Pike, Illinois, kuna uwanda wa nyasi ambao tangu Desemba 2022 uko chini ya idara ya hifadhi za taifa za Marekani. Hapo palikuwa na mji, New Philadelphia. Mwanzilishi wake, Frank McWorter, alizaliwa mtumwa South Carolina mwaka 1777. Akiwa Kentucky alitengeneza shura ya baruti katika muda wake wa ziada, akaweka akiba. Mwaka 1817 akamkomboa mkewe Lucy kwa dola 800, yeye mwenyewe akasubiri hadi 1819. Lucy alikuwa mjamzito, na sheria ilimpa mtoto hadhi ya mama. Mzee alijua kupiga hesabu!

Mwaka 1836 akapimisha ekari 42, viwanja 144, akaanza kuuza. Fedha zikaenda kuwakomboa watoto na wajukuu waliobaki utumwani. Alifariki 1854. Mwaka 1869 reli kutoka mji wa Hannibal ikajengwa, ikapinda kaskazini na kuuacha mji kando. Kufikia 1885 sehemu kubwa ya viwanja ilikuwa imefutwa kisheria, ikarudi kuwa shamba. Mimi nasema huo ni ubaguzi. Mnasemaje?

Fundi Mizani: Mkuu, taratibu. Vijiji vingapi vya Wazungu watupu vilikufa Illinois hiyo hiyo kwa kukosa stesheni? Tena New Philadelphia wakazi weupe walikuwa wengi kuliko weusi. Mbaguzi gani anawakomoa wenzake? Kampuni ya reli hufuata mtaji na mteremko, basi.

Mleta mada: Wapo wanaakiolojia waliofuatilia njia ile na mwinuko wa ardhi, wakaona sababu za kihandisi hazitoshi kueleza ule mzunguko. Na kuwa na Wazungu wengi hakukuufanya mji uonekane wa Wazungu, kila mtu alijua nani aliuanzisha. Kumbuka pia Hannibal iko Missouri, jimbo la watumwa hadi 1865. Miaka minne tu kabla ya reli! Illinois nayo mwaka 1853 ilipitisha sheria ya kuzuia weusi wasihamie humo. Hao ndio waliokuwa wakichora ramani.

Fundi Mizani: Mazingira nakubali. Ila mazingira si ushahidi wa mkutano ule ambamo njia ilichaguliwa. Nionyeshe barua, nionyeshe muhtasari wa kikao.

Mama Sauda: Nyote mnaanza hadithi katikati. Ardhi ile serikali iliitenga kuwazawadia askari wa vita vya 1812 dhidi ya Uingereza, kana kwamba haikuwa na wenyewe. McWorter alifika 1831. Mwaka uliofuata Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, wenyeji wa asili wa huko, na watu wake walipigwa na kufukuzwa. Simlaumu aliyekuwa akikomboa wanawe, lakini neno "waanzilishi" linanikera.

Mleta mada: Mama, hapo umenibana, sina ubishi. Kwa Fundi: unadai barua. Watu gani huandika kwenye muhtasari kwamba wanaukwepa mji kwa sababu ya rangi ya mwenye mji? Mimi naangalia njia yenyewe. Aliyepindisha reli ndiye anayedaiwa maelezo, na mteremko hauyatoi.