Panga, sime au kisu kikubwa cha porini: kipi kinafaa kwa kambi na shamba?

Mlimani_Moro
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua vyuma. Nataka chuma kimoja kikubwa cha kutembea nacho, kazi zenyewe ni hizi, wikendi huwa tunapiga kambi kwenye shamba la babu huku Mgeta, kwahiyo kuna kufyeka njia, kukata mianzi ya kusimamishia turubai, kupasua kuni, na jioni kuchinja kuku na kumenya viazi maana sipendi kubeba vitu vingi. Nna machaguo matatu kichwani. Panga la dukani, nimeliona la Tramontina la Brazil. Sime ya springi ya gari toka kwa wahunzi. Au kile kisu kinene cha Kimarekani, Ka-Bar au ESEE-6, kuna ndugu yangu yuko kule anakuja Desemba anaweza kunibebea. Kipi kinafanya yote?

Mhunzi_Arusha
Mkuu karibu. Kwanza ujue unene wa bapa ndio unaamua kazi, urefu unafuata baadaye. Panga la dukani unene wake ni kama milimita 2 hivi, ESEE-6 inakaribia milimita 5. Chuma chembamba kinapita kwenye majani na matawi mabichi bila kukuchosha, kinene kinakwama au kinabonda tu yale majani yanalala halafu yanainuka. Ila ukija kwenye kigogo kikavu mambo yanageuka, chembamba kinaingia kinabanwa na mti, ukilazimisha kukizungusha kinapinda au makali yanameguka, kinene chenyewe kinafanya kazi kama kabari kinatanua mti unapasuka. Sasa wewe kazi zako nyingi nilizosoma hapo ni majani na mianzi, kuni ni jioni tu. Kwa hiyo mimi nakwambia panga.

Kuhusu sime, mimi ni fundi nazitengeneza kwahiyo nasema ninachokijua. Sime ya Kimaasai ina makali pande zote mbili, ni nyembamba karibu na mpini inapanuka kuelekea mbele, uzito uko mbele, ukipiga inavuta yenyewe. Nzuri sana kwa kukata kwa nguvu moja. Lakini kwa vile haina mgongo butu huwezi kuigonga na kipande cha mti upasue kuni, kile kipande kitakatika chenyewe, na huwezi kuweka kidole gumba mgongoni ukichonga kitu kidogo. Kwa mtu anayepiga kambi hilo ni tatizo la kila siku. Ukiipenda mwambie fundi akutengenezee ya makali upande mmoja, atakuelewa.

porini_daima
ESEE-6 mkuu, usisumbuke. Panga ukigonga kigogo cha mgunga mkavu linaruka na mkono unabaki unauma. Kile kisu chuma chake kimepita mpini mzima mpaka mwisho, gonga, kunja, chimba, hakivunjiki. Ka-Bar nayo nzuri, wanamaji wa Marekani wanaitumia tangu 1942, bapa yake ni sentimita 18 hivi, ila ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini ni mwembamba ndo maana kwa kugonga gonga kuni mimi nachagua ESEE.

Dada_Lushoto
Nawasoma wote hapo juu naona mnaongelea kuni tu kama vile mtu anaenda msituni kupasua magogo. Kaka amesema KUFYEKA NJIA. Hiyo ESEE-6 ya bapa sentimita 16 na nusu unafyekaje nayo? Utainama mgongo ufe, na mkono uko karibu na miiba na nyoka. Huku kwetu Usambara vichaka vya lantana vimejaa pembeni mwa mashamba, panga refu unasimama wima unapiga kwa mzunguko wa kiwiko na kifundo cha mkono, unamaliza asubuhi. Mie nimekulia kwenye hiyo kazi, mama yangu, bibi yangu, wote panga. Na mianzi ndio kabisaa, panga jembamba unapiga mshazari mara moja muanzi umelala.

Halafu kuchinja kuku na kumenya viazi kwa panga au kwa hicho kisu kinene, zote mbili ni mateso. Nunua panga na kisu kidogo. Hela ya hicho cha Marekani unapata panga zuri, kisu kidogo, tupa ya kunolea, na chenji inabaki.

pwani_ya_kale
Naunga mkono dada. Mimi niko Kilifi, na nyongeza yangu ni kutu. Chuma cha ESEE, Ka-Bar, Tramontina, springi, vyote ni chuma cha kaboni, na hewa ya chumvi haicheleweshi, ukilaza usiku bila kufuta asubuhi kina madoa mekundu. Huko Mgeta kuna ukungu na mvua pia kwahiyo usijione umepona. Dawa ni kufuta kikauke halafu paka mafuta ya nazi kidogo, hayo hata ukikatia chakula hayana shida, na USIKIHIFADHI ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu inakila chuma taratibu huku wewe unadhani kiko salama. Ala ni ya safarini tu. Kile kisu kidogo chukua stenlesi, mimi natumia Mora ya Sweden, kinakata samaki kinakata kamba, suuza maisha yanaendelea.

porini_daima
Dada nakubali kwa kufyeka. Lakini siku ikinyesha kuni zote zimelowa, unahitaji kupasua kigogo upate mti mkavu wa ndani, hapo panga jembamba anafanyaje?

Mhunzi_Arusha
Anapasua vizuri tu akijua namna. Usianze na kigogo kinene, chukua kinene kama mkono, weka makali juu yake, gonga mgongo wa panga na kipande cha mti, KARIBU na pale unapopasua, usigonge kwenye ncha maana ndio linapinda. Mti wenye fundo achana nao. Kama kazi yako kubwa ni magogo nunua shoka dogo, hakuna kisu cha duniani kitashinda shoka kwenye hiyo kazi, hata kiwe kinene vipi.

Mlimani_Moro
Aisee nimeelimika sana. Ahsanteni. Sasa nikichukua panga, la dukani nililoona makali yake kama hayapo kabisa, ni la kawaida hilo au bovu? Na nitajuaje chuma kizuri?

Mhunzi_Arusha
Kawaida kabisa, mapanga mengi yanatoka kiwandani yamechongwa nusu tu, makali unatengeneza mwenyewe. Tumia TUPA, nasisitiza, tupa bapa na mkono wako. Watu wengi wanakimbilia grainda la fundi wa geti, dakika mbili limeng'aa, kumbe yale makali yamepata moto mpaka yamegeuka bluu, na chuma kikishafika bluu kwenye makali ule ugumu umeondoka, kila ukinoa linakuwa butu siku hiyohiyo na utalaumu kiwanda bure. Libane vizuri, sukuma tupa upande mmoja tu ukienda mbele, ukirudi inua, upande huu kisha upande ule, pembe iwe ndogo kama nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Karibu na mpini acha butu kidogo. Malizia na jiwe la kunolea.

Chuma kizuri dukani, lipinde kidogo liachie, lirudi lilivyokuwa. Likibaki limepinda liache. Ligonge kwa kucha lilie, sauti ikifa angalia kama kuna ufa au riveti zimelegea. Tramontina ni kiwanda cha tangu 1911 wanajua wanachofanya, na yale ya Martindale ya Uingereza yenye alama ya mamba ukikutana nalo halisi, hata la zamani la mzee fulani, chukua bila kufikiria. Ila mamba wa kuigwa wapo, fanya jaribio hilohilo.

Dada_Lushoto
Mpini nao kaka. Mpini wa mbao wa dukani una kona kali, sugua na msasa mpaka ukae mkononi, usipofanya hivyo malengelenge yatakutoa kazini mapema. Na usifyeke mtu akiwa amesimama mbele yako wala pembeni, hasa hao watoto wa shambani wanaopenda kufuata fuata.

askari_mstaafu_moro
Wanangu, niongeze moja mnalolisahau. Shambani kwa babu sawa. Lakini ukivuka mpaka ukaingia hifadhi ya taifa, mfano Mikumi hapo jirani, kukutwa na panga, sime au mkuki bila kibali ni kosa kisheria, na watu wanafungwa kwa hilo, hakuna cha kusema nilikuwa nakata kuni. Msitu wa hifadhi wa Uluguru nao kukata miti hairuhusiwi. Panga libaki shambani, mlimani panda na kisu kidogo na jiko la gesi.

Mlimani_Moro
Shikamoo mzee, hilo sikuwa nalo kabisa, ahsante sana. Basi nimeamua, panga la inchi 18 na Mora ndogo. Huyo ndugu nimwambie anibebee hiyo Mora?

pwani_ya_kale
Mwambie, ila aiweke kwenye begi la kukabidhi, kwenye begi la mkononi watamnyang'anya pale pale kwenye ukaguzi. Achukue yenye bapa ya sentimita 10 hivi. Na mwambie asikuletee yenye ala ya ngozi, ya plastiki unasuuza na maji.