Vidukari wamejaa kwenye sukuma wiki: nipande maua gani kuvuta wadudu rafiki?

BustaniTengeru
Habari wakuu. Bustani ni ya nyumbani, matuta manne ya mita 1 kwa 5: sukuma wiki, kabichi, nyanya na kunde. Vidukari wa kijivu wamejaa chini ya majani ya sukuma wiki na kwenye kilele, majani yanajikunja. Kabichi zina viwavi vidogo vya kijani vinavyotoboa majani. Mboga zinachumwa karibu kila siku, kwa hiyo dawa za dukani za kusubiri wiki nzima au mbili hazifai. Kuna maua yanayovuta wadudu wanaokula vidukari: ni yapi, yapandwe wapi, na matokeo yanachukua muda gani?

Shamari
Mkuu, tafuta maua madogo yaliyo wazi. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, pamoja na nzi wa maua (wenye mistari ya njano na nyeusi, wanaosimama hewani bila kusogea), wana midomo mifupi. Nekta iliyojificha ndani ya ua refu hawaifikii. Ndiyo maana giligilani, shamari na karoti zilizoachwa zichanue zinafaa kuliko waridi au maua ya mapambo yenye petali zilizorundikana. Hata sukuma wiki mzee mmoja ukiuacha utoe maua ya njano unasaidia. Wadudu wazima wanakula nekta na chavua. Watoto wao ndio wanaomaliza vidukari. Pasipo chakula cha mzima, anapita tu bila kutaga.

Kwa matuta yako, tenga ukanda wa sentimita 30 kila ncha ya tuta. Mbegu za giligilani ziponde kidogo zigawanyike mara mbili, loweka usiku mmoja, kisha panda kina cha sentimita 1. Zitaota kati ya siku 7 na 14, na kwenye joto zitachanua baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Sasa, hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa: wanapanda mara moja, maua yanaisha yote kwa pamoja, wadudu wanahama. Panda awamu mpya kila baada ya wiki tatu, na sehemu ya kila awamu usiiguse kwa ajili ya jikoni.

Kishona nguo michache pembeni mwa uzio iache, maua yake yanatembelewa sana. Ing'oe tu kabla mbegu hazijakauka.

Punguza pia samadi mbichi na urea. Mmea uliolishwa naitrojeni kupita kiasi unakuwa laini, na vidukari huzaliana haraka zaidi juu yake. Hapo hata maua yakiwa mengi namna gani, wadudu rafiki watazidiwa.

MkulimaHai
Naongezea jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko maua: wajue watoto wa hao wadudu, kwa sababu watu wanawaua kwa mikono yao wenyewe.

Mbawakawa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi kila mtu anamjua. Mtoto wake hafanani naye kabisa: ni mrefu, mweusi au kijivu, ana miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa mgongoni. Mtoto wa nzi wa maua ni buu asiye na miguu, wa kijani kibichi, amelala katikati ya vidukari. Ukiona yai jeupe juu ya uzi mwembamba uliosimama kwenye jani, hilo ni la mdudu wa mbawa za wavu, acha. Kidukari aliyevimba, rangi ya kahawia iliyokauka kama karatasi, ana nyigu ndani. Majani yenye hao usiyatupe.

Viwavi vya kabichi: likitikiswa jani, kikajirusha na kuning'inia kwa uzi, hicho ni cha nondo wa kabichi. icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilileta nyigu anayeitwa Diadegma semiclausum kwa ajili yake, na mwaka 2002 akaachiliwa Wundanyi huko Taita na upande wa Limuru. Anapenda nyanda za juu zenye baridi. Angalia vifuko vya wavu kwenye jani: chenye bundo la kijani (kiwavi anayegeuka kuwa nondo) ponda, chenye kifuko cha kahawia kilichozibwa kote kiache, huyo ni nyigu. Vikizidi, tumia dawa ya bakteria ya Bt jioni, maana jua huiharibu. Inaua kiwavi aliyeila, haimdhuru nyigu mzima.

Na sisimizi! Wanakunywa majimaji matamu ya vidukari, hivyo wanawalinda na kuwafukuza wanaokuja kuwala. Fuata njia yao hadi kwenye shimo, chimbua, mwaga maji ya moto mbali na mizizi. Majivu kuzunguka shina yanafanya kazi yakiwa makavu tu, ukimwagilia, rudia.

BustaniTengeru
Asanteni sana. Wakati nasubiri maua, naweza kupiga maji ya sabuni? Na pareto, kwa vile ni ya asili?

Shamari
Pareto hapana. Ni ya asili kweli, lakini inaua mbawakawa na nyigu sawasawa na vidukari.

Sabuni unaweza, kwa kipimo: mililita 5 za sabuni ya maji kwa lita 1, pungufu ya hapo nguvu inapungua, ukizidisha sana unaunguza majani. Jaribu jani moja kwanza, subiri siku moja. Nyunyiza jioni, chini ya majani yenye vidukari tu, kisha suuza asubuhi. Sabuni inaua kile inachokigusa ikiwa bado haijakauka, kwa hiyo buu wa nzi wa maua naye atakufa akiloweshwa. Kagua jani kwanza.

Bora zaidi, kata majani yaliyojaa kabisa na yasiyo na wadudu rafiki, yanayobaki yapige kwa maji ya nguvu kutoka bombani asubuhi. Usiwamalize vidukari wote: pasipo chakula wadudu rafiki hawatagi. Kwenye joto, mbawakawa huchukua takriban wiki tatu hadi nne kutoka yai hadi mzima, na vidukari huzaliana haraka kuliko hapo, hivyo wiki za mwanzo utaona wanaongezeka. Usikimbilie dawa hapo.

MkulimaHai
Na ile mitego ya njano yenye gundi, usiitundike karibu na giligilani yenye maua. Inanasa nyigu na nzi wa maua pia.