MJADALA: Chuo kikuu cha kanisa, unakichagua kwa ajili ya imani au ya masomo?

Mleta mada
Wakuu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, wapo wazazi wanaotaka mtoto aende SAUT, Makumira, St. John's au Mwenge kwa sababu moja: ni vya kanisa, atalelewa na atapenda kusoma. Wengine wanasema hapo unalipia jina la mtakatifu. Tujadili.

Mwalimu wa taaluma
Malezi ni hoja, ila si ya kwanza. Fungueni mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika, tafuteni programu yenyewe, someni masharti yake. Kiwango cha chini ni kilekile, chuo kiwe cha serikali au cha askofu: principal mbili (masomo mawili ya kidato cha sita uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, E ni 1), kisha kila programu inaongeza ya kwake. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili mwaka wa kwanza, na vya dini vilikuwamo. Msalaba getini si ithibati.

Mzee wa hesabu
Pesa mmeziruka. Vyuo hivi vinaendeshwa zaidi kwa ada. HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, inawakopesha wanafunzi wa vyuo binafsi pia, lakini kwa kadiri ya uhitaji, si lazima mia kwa mia. Fanya hivi: chukua ada ya programu, toa sehemu itakayolipwa na bodi, kinachobaki jumlisha na malazi, usajili, mitihani, 20,000 ya TCU, na bima ya afya kama mtoto hana. Zidisha kwa miaka yote ya kozi.

Kinachowaangusha wengi ni kupiga hesabu ya muhula mmoja. Bumu (pesa ya kujikimu kutoka bodi) la chakula linaliwa na ada, muhula wa pili mtoto anadaiwa na haruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Huo upendo wa kusoma unaishia dirishani kwa mhasibu.

Mhadhiri wa tiba
Sawa, lakini msiviweke vyote kapu moja. Kwa udaktari, CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Wakatoliki, iko Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Moshi kuna KCMC, nayo hospitali ya rufaa yenye chuo cha tiba. Mwanafunzi anatoka darasani anaingia wodini, na wagonjwa wapo wa kila aina. Hiyo ni sababu ya kitaaluma kabisa. Tena Bugando ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikataifishwa, ikarudishwa mwaka 1985 kwa makubaliano na serikali, kwa hiyo mpaka kati ya "cha kanisa" na "cha serikali" si mnene kama mnavyodhani.

Kuhusu kupenda kusoma, muulizeni mwanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisi ya matangazo. Semina ina watu wangapi? Wakiwa 20 watajadiliana, wakiwa 80 huo ni muhadhara wa pili. Asaimenti zinarudi na maoni kabla ya jaribio linalofuata, au zinarudi na alama tupu? Maktaba iko wazi Jumapili? (Kwa chuo cha Wasabato, ulizeni Jumamosi.) Mtoto asiyejibiwa maswali yake huacha kuuliza, hata kama ibada ni kila asubuhi.

Binti wa Tabora
Na sisi Waislamu? Najua vinadahili dini zote, kama Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kinavyowadahili Wakristo. Lakini someni sheria ndogo za wanafunzi kabla ya kuthibitisha: hijabu, mahali pa kuswalia, saa ya kufunga hosteli. Na kinachotuuma wengi ni yale makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa, ya serikali kusaidia huduma zao za elimu na afya. Kodi tunalipa sawa.

Mwalimu wa taaluma
Dada, makubaliano hayo yanastahili mada yake, na hoja yako ya kodi siipuuzi. Ila mkopo unamfuata mwanafunzi, haufuati dhehebu.

La mwisho kwa wazazi: tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, na aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri ndani ya muda uliotangazwa. Majina ya mikopo hutoka baadaye. Kwa hiyo siku ya kuthibitisha weka mkopo sifuri kwenye ile hesabu ya Mzee. Isipofunga, thibitisha kile cha ada ndogo, hata kama paroko atanuna.

Mzee wa hesabu
Na kwa ajili ya maombi ya mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Msongamano wa dakika za mwisho hauna dini.